Jiwe la Foleni

Jumatatu, saa mbili asubuhi, ukumbi namba nne.
Sisi wa sanaa: wachoraji, waigizaji,
na Lekishon aliyekuja na gitaa begani
kwa kuwa chumba chake hakina kufuli.
Kozi ni ya lazima. Hatukuichagua.

Daktari Kerubo hakuandika kitu ubaoni.
Alituangalia tulivyokaa, akauliza:
"Nani amewapangia viti?"
Kimya.
Mbele, wa shule za kitaifa, kalamu tayari.
Nyuma, sisi ambao mkopo umechelewa.
Kando ya mlango wasichana watatu
waliozoea kukaa karibu na pa kutokea.
"Hakuna," akajibu Wambeti.
"Basi huyo Hakuna," akasema,
"ndiye tutakayemsoma wiki kumi na nne.
Hana ofisi, halipwi mshahara,
na hamjawahi kumkatalia neno."

Kazi ya kwanza: nenda mahali unapopajua.
Usimhoji mtu. Tazama kama mgeni.

Nikaenda nyumbani, Huruma,
kwenye bomba la nyuma ya ploti,
nikaketi ngazini na daftari la michoro.
Foleni ilikuwapo; watu hawakuwapo.
Mitungi ya njano, mmoja nyuma ya mwingine,
imesimama kwa niaba ya wenyewe
waliorudi kusonga ugali, kulaza mtoto.
Na kati ya mtungi wa Mama Muthengi
na ule uliozibwa kwa gunzi
palikuwa na jiwe.
Jiwe tu, kubwa kama nusu mkate.
Jiwe lina zamu. Maji yakija
hakuna atakayeliruka.
Nikacheka peke yangu: huyo tena!

Nilishuka mara moja kupanga wetu, nikarudi kuchora.

Penseli ikasita hapo,
maana nilikumbuka mwaka baba alipofariki.
Wiki tatu nzima mtungi wetu uliamka wa kwanza.
Jioni tunauacha mkiani, alfajiri tunaukuta bombani.
Mama hakuomba. Mkutano haukuitishwa.
Wiki ya nne ukabaki pale tulipouacha,
na hivyo ndivyo tulivyojua matanga yameisha,
si kwa mchungaji.

Halafu kuna mtungi wa buluu,
wa Nyaguthii wa chumba cha chini,
aliyemtajia karani wa kodi
milango yenye umeme wa kuunganisha.
Mwaka wa pili huu.
Anaupanga mapema, kabla ya jogoo wa Baba Otiato;
akigeuka kufunga mlango, uko mwisho, nyuma ya jiwe.
Hakuna anayeusukuma.

Saa kumi akaja kijana wa karani na mapipa sita.
Hakupanga. Hakuomba radhi.
Foleni ilimpisha bila kusogea hata inchi;
sijui niseme vipi, ndivyo nilivyoona.

Niliandika kurasa tano.
Nikatumia maneno mapya: kaida, tabaka,
adhabu isiyo na hakimu.
Yalinikaa kama viatu vya kuazima, lakini nilitembea nayo.
Mwishoni nikabandika mchoro,
nikiujua kuwa ndio kazi yangu bora:
kivuli cha kila mtungi, kutu ya bomba,
matone, ufa wa saruji.

Kazi ikarudi na kumi na tatu kwa ishirini.
Maneno yangu Daktari hakuyagusa.
Kwenye mchoro, chini kabisa, ubavuni pa mtungi wa buluu,
alizungusha duara la wino mwekundu:
"Umeandika hakuna anayeusukuma.
Kiatu hiki ni cha nani?"

Nikainama chini ya dawati kutazama.
Raba nyeupe, kamba ya kijani,
na kwenye ncha ya kulia
alama ndogo ya buluu.